Jinsi tarakilishi inavyosanifu mitandao ya mawasiliano, ya nyaya na isiyo na nyaya

KABLA ya mlingoti wa simu kusimamishwa kilimani, au mtaro wa nyaya za faiba kuchimbwa kando ya barabara, mtandao wenyewe huwa tayari umejengwa, ukavunjwa na kujengwa upya mara nyingi ndani ya tarakilishi.

Humo ndimo huamuliwa mlingoti utakuwa na urefu gani, antena itaelekezwa wapi, nyaya zitapitia mji upi na, muhimu zaidi, ni kijiji kipi kitakachopata mawimbi na kipi kitakachokosa.

Taaluma hiyo huitwa usanifu wa mitandao ya mawasiliano kwa tarakilishi. Huunganisha fizikia ya mawimbi, hesabu za uwezekano, ramani za nchi na masuala ya gharama. Ijapokuwa kazi yenyewe haionekani na mtumiaji wa kawaida, matokeo yake humfikia kila anapopiga simu ikakatika, au anapotuma pesa na ujumbe wa kuthibitisha ukakawia.

Uzito wa suala hili nchini Kenya ulidhihirika mnamo 2016, wakati utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano (CA) kuhusu mapengo ya huduma ulipobaini kwamba kata ndogo 164 hazikuwa na mawimbi ya simu hata kidogo. Nyingi zilikuwa katika maeneo kame, ambako watu ni wachache na makazi yametawanyika.

CHIMBUKO LA HESABU ZA MITANDAO

Hesabu za kupanga mitandao zilianza zamani kabla ya tarakilishi. Mnamo 1908, mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Swali alilokabidhiwa lilikuwa jepesi kulitamka lakini gumu kulijibu: je, kituo cha simu kinahitaji laini ngapi ili wateja wengi wasikute zote zina shughuli?

Kuwapa wateja wote laini kwa wakati mmoja kungegharimu pesa nyingi mno, nazo laini chache zingewaudhi. Erlang alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo mnamo 1909, na mnamo 1917 akatoa kanuni ambayo ingali inatumiwa na wahandisi. Kipimo cha wingi wa mazungumzo ya simu kikapewa jina lake mnamo 1946: laini moja inayotumika kwa saa nzima bila kupumzika ni erlang 1.

Faida ya kanuni hiyo huonekana kwa mfano. Tuseme kila mteja huzungumza kwa sekunde 90 katika saa yenye shughuli nyingi zaidi. Kituo chenye njia 30 za mazungumzo kitaweza kuhudumia takriban wateja 870, ikiwa kampuni imekubali kwamba simu 2 kati ya kila 100 zitakosa nafasi.

Njia hizo zikigawanywa katika makundi mawili ya 15 yasiyosaidiana, wateja watakaohudumiwa kwa kiwango kicho hicho watakuwa takriban 720 tu. Vifaa havikupungua hata kimoja, bali wateja wapatao 150 wamepoteza nafasi kwa sababu ya mpangilio mbaya. Ndiyo maana wasanifu hupenda kukusanya njia pamoja badala ya kuzitawanya.

Huko Moravia, sehemu ya Jamhuri ya Czech ya leo, mwanahisabati Otakar Borůvka alikabiliana na tatizo la namna nyingine mnamo 1926. Alitakiwa aonyeshe jinsi ya kuunganisha miji kwa umeme kwa kutumia nyaya fupi iwezekanavyo. Suluhisho lake lilivumbuliwa upya kwa sura tofauti na Joseph Kruskal mnamo 1956 na Robert Prim, aliyekuwa katika maabara ya Bell nchini Marekani, mnamo 1957. Kufikia hapo, tarakilishi zilikuwa zimeanza kupatikana.

KWA NINI TARAKILISHI

Ukubwa wa kazi yenyewe ndio uliowalazimu wahandisi kutafuta msaada wa mashine. Chukua mfano wa kuunganisha makao makuu ya kaunti zote 47 za Kenya. Jozi za miji zinazoweza kuunganishwa moja kwa moja ni 1,081. Ili kila mji ufikiwe, viunganishi 46 vinatosha.

Swali ni viunganishi 46 vipi. Njia za kuvipanga, pasipo mji wowote kuachwa nje, ni nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 76. Hakuna mashine duniani inayoweza kuzipitia zote moja baada ya nyingine. Hata hivyo, mbinu za Borůvka, Kruskal na Prim hupata mpangilio wenye nyaya fupi kuliko zote kwa muda mfupi mno, kwani kila hatua huchagua kiunganishi kifupi kinachofaa na kukitupa kinachorudia njia.

Upande wa milingoti nao una wingi wake. Ikiwa kampuni ina maeneo 60 yanayofaa kujengwa na pesa za milingoti 20 pekee, idadi ya chaguo inazidi trilioni 4,000. Tarakilishi inayopima chaguo milioni moja kwa kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 130 kuzimaliza zote.

Kwa tatizo hili la pili hakuna njia ya mkato inayohakikisha jibu bora siku zote. Kwa hivyo programu hutumia mbinu za kutafuta kwa werevu: huanza na mpango fulani, huhamisha mlingoti mmoja, hupima kama hali imekuwa nafuu, kisha huendelea hivyo maelfu ya mara.

Mtandao wa ARPANET, uliozaa intaneti, ulikuwa miongoni mwa mitandao ya kwanza kupangwa kwa njia hii. Ulianza na vituo vinne nchini Marekani mwishoni mwa 1969. Baadaye kampuni ya Network Analysis Corporation, iliyoongozwa na Howard Frank, ilipewa kazi ya kupanga jinsi vituo vilivyozidi kuongezeka vingeunganishwa. Programu zake zilijaribu kuongeza na kuondoa laini moja moja, zikilinganisha gharama, kasi na uwezo wa mtandao kustahimili hitilafu.

MAWIMBI, MILIMA NA MBINUKO WA DUNIA

Katika mitandao isiyo na nyaya, adui mkuu ni umbali. Mawimbi hudhoofika yanaposafiri, na kudhoofika huko hupimwa kwa desibeli. Kila desibeli 10 zinazopotea humaanisha nguvu imegawanywa kwa 10. Desibeli 3 humaanisha imebaki takriban nusu.

Tuseme milingoti miwili imesimama kilomita 40 mmoja kutoka kwa mwingine katika nchi tambarare kama zile za kaskazini mwa Kenya, na inawasiliana kwa masafa ya gigahezi 6. Hata kama hakuna kizuizi chochote kati yake, mawimbi yatapoteza desibeli 140 njiani. Hiyo ni kusema kwamba nguvu hugawanywa kwa trilioni 100.

Mhandisi huandaa hesabu inayofanana na bajeti ya nyumba, yenye mapato na matumizi. Mtambo unaotuma kwa nguvu ya wati 1 huhesabiwa kuwa desibeli 30 juu ya miliwati 1. Antena ya sahani kila upande, kwa kuwa hukusanya mawimbi upande mmoja, huongeza desibeli 38. Umbali hula 140, navyo viungo na nyaya za mlingotini hula 4. Kinachobaki ni desibeli 38 chini ya miliwati 1.

Ikiwa kipokezi kinaweza kusikia hadi desibeli 70 chini ya miliwati 1, akiba iliyopo ni desibeli 32. Akiba hiyo si anasa. Ndiyo itakayotumika hewa inapobadilika usiku, antena inapoyumbishwa na upepo au vifaa vinapochakaa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ingawa nchi ni tambarare, dunia yenyewe ni ya mviringo. Katikati ya umbali huo wa kilomita 40, mbinuko wa dunia huinua ardhi kwa takriban mita 23.5 dhidi ya njia ya mawimbi, hata baada ya kuzingatia kwamba hewa huyapinda mawimbi kidogo kuelekea chini.

Isitoshe, mawimbi hayasafiri kwenye mstari mwembamba kama uzi. Hutumia nafasi pana iliyofanana na muwa ulionenepa katikati, ambayo huitwa ukanda wa Fresnel kwa heshima ya mwanafizikia wa Ufaransa, Augustin Fresnel. Katika mfano huu, unene wa ukanda huo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 22 hivi. Desturi ya wahandisi ni kuhakikisha kwamba angalau asilimia 60 ya unene huo, yaani mita 13.4, haiguswi na chochote.

Ukijumlisha mbinuko wa dunia, nafasi hiyo na migunga ya urefu wa mita 6, mstari kati ya antena hizo mbili hauna budi kupita angalau mita 43 juu ya ardhi. Mtu aliyepanda juu ya mlingoti wa mita 30 huenda akauona mlingoti wa pili kwa darubini siku ya anga safi na kudhani kwamba mambo yako sawa, kumbe kiunganishi hicho kitakuwa na matatizo.

RAMANI KUTOKA ANGANI

Zamani mhandisi alilazimika kuchora umbo la nchi kwa mkono, akisoma mistari ya mwinuko kwenye ramani ya karatasi. Mambo yalibadilika Februari 2000, wakati chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa ardhi kwa rada. Kilipima takriban asilimia 80 ya nchi kavu yote, Afrika Mashariki ikiwamo.

Vipimo hivyo, vinavyojulikana kama SRTM, vilitolewa bila malipo. Kwa miaka mingi, nje ya Marekani vilipatikana kwa nukta zilizoachana mita 90, na kuanzia 2014 vikaanza kutolewa kwa nukta za mita 30. Programu huweza kuchora mkato wa ardhi kutoka kilele kimoja hadi kingine kwa muda wa kupepesa jicho.

Si programu zote za aina hii zinazouzwa kwa bei ghali. Radio Mobile, iliyobuniwa na mpenzi wa redio kutoka Canada, Roger Coudé, hupatikana bila malipo na imetumiwa sana na wanafunzi, mashirika ya misaada na wajenzi wa mitandao ya kijamii vijijini. Hutumia kanuni ya Longley na Rice, iliyotungwa nchini Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya nchi yenye milima na mabonde.

Kwa simu za mkononi, kanuni iliyovuma zaidi ilitoka Japan. Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na viunga vyake wakipima nguvu za mawimbi, wakachapisha michoro yao mnamo 1968. Mnamo 1980, Masaharu Hata aliigeuza michoro hiyo kuwa kanuni za hesabu ambazo tarakilishi ingeweza kuzitumia kwa urahisi.

Hata hivyo, Tokyo si Turkana, wala si Mathare. Kuta za mabati, miti ya mibuni na miteremko ya Bonde la Ufa haikuwamo katika vipimo vya Okumura. Kwa sababu hiyo, wahandisi makini huendesha gari lenye vifaa vya kupimia katika eneo husika, hulinganisha walichopima na kilichotabiriwa na programu, kisha husahihisha kanuni kabla ya kuiamini.

Masafa nayo huamua mengi. Kila masafa yanapoongezwa maradufu, umbali ule ule hula desibeli 6 zaidi. Ndiyo sababu masafa ya megahezi 700 na 800, yaliyoachwa wazi Kenya ilipozima utangazaji wa runinga wa analogia mnamo 2015, yana thamani kubwa kwa huduma za mashambani. Mlingoti mmoja hufikisha mawimbi mbali. Masafa ya juu hubeba data nyingi lakini hufika karibu, hivyo hufaa mijini.

Hali ya hewa pia haina budi kuingizwa katika hesabu. Mvua haiathiri sana masafa ya chini, ila juu ya gigahezi 10 hivi matone humeza mawimbi. Kiunganishi cha masafa hayo kilichopangwa kwa manyunyu ya Ulaya kinaweza kuzimika kila alasiri katika msimu wa masika. Maji ya ziwa nayo huakisi mawimbi kama kioo, na mawimbi yaliyoakisiwa yakikutana na yale ya moja kwa moja huweza kuyafuta.

NYAYA ZA FAIBA NA NJIA MBILI

Usanifu wa mitandao ya nyaya una hesabu zake. Wazo la kutumia nyuzi za kioo kusafirisha mwanga hadi mbali lilitiwa nguvu na Charles Kao mnamo 1966, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mnamo 2009. Nyuzi za kisasa hupoteza takriban desibeli 0.2 pekee kwa kila kilomita.

Katika kilomita 80, hasara hiyo ni desibeli 16. Ikiwa nyaya zimeletwa katika vipande vya kilomita 4, kutakuwa na viungo 19, na kila kimoja kikila desibeli 0.1, hasara huongezeka hadi 17.9. Msanifu mwerevu haishii hapo. Anajua kwamba siku moja tingatinga la kutengeneza barabara litakata nyaya hizo, na kila zinapokatwa na kuwekewa kipande kipya, viungo viwili zaidi huongezeka. Asipoacha akiba, mtandao utakufa kwa viraka.

Jambo zito zaidi ni umbo la mtandao. Mpangilio wa nyaya fupi kabisa, ule wa viunganishi 46 kwa miji 47, una ila moja kubwa: kiunganishi chochote kikikatika, sehemu ya nchi hubaki gizani. Kiunganishi kimoja cha ziada kinaweza kutosha kuupa mtandao umbo la pete, iwapo miji yote inapangwa katika mzunguko mmoja, ili mawasiliano yazunguke upande wa pili pakitokea hitilafu. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, lakini katika mitandao, njia moja ndiyo imshindayo.

Hesabu zinathibitisha hilo. Njia inayofanya kazi kwa asilimia 99 ya muda huzimika kwa takriban saa 87.6 kwa mwaka. Njia mbili za aina hiyo, zisizotegemeana, zitazimika pamoja kwa takriban dakika 53 tu kwa mwaka.

Neno muhimu hapo ni "zisizotegemeana". Nyaya mbili zilizolazwa katika mtaro mmoja, au kupitishwa kwenye daraja moja, ni njia mbili kwenye karatasi lakini ni moja mbele ya mafuriko. Programu bora hazihesabu tu viunganishi, bali hurekodi mitaro, madaraja na vituo vya umeme vinavyotumiwa kwa pamoja, kisha humwonya msanifu kuhusu hatari iliyofichika.

Kenya imejionea mambo haya. Kwa miaka mingi mawasiliano yake na nchi za ng'ambo yalitegemea setilaiti, kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa mnamo 1970. Mnamo 2009, mikongo ya TEAMS na SEACOM ilianza kuhudumu kupitia Mombasa, ikafuatwa na EASSy mnamo 2010.

Februari 2012, meli iliyotia nanga katika eneo lililokatazwa karibu na Mombasa iliukata mkongo wa TEAMS. Intaneti ilizorota, lakini nchi haikukatika kabisa kwa sababu mikongo mingine ilikuwapo. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu wakati mmoja katika eneo la bahari karibu na Afrika Kusini, na watumiaji wa Kenya, Tanzania, Uganda na mataifa mengine ya ukanda huu wakahisi makali yake. Mikongo hiyo ilikuwa miwili, lakini ilipitia bahari moja.

KUPIMA MTANDAO KABLA HAUJAWAPO

Umbo likishapatikana, tarakilishi hutumiwa kuuigiza mtandao ukiwa kazini. Data husafiri katika vifurushi vidogo, na kila makutano huwa na foleni kama kituo cha matatu jioni. Ni kipi kitakachotokea shule zote zikifungua masomo ya mtandaoni saa mbili asubuhi?

Nadharia ya foleni, iliyochipuka katika kazi ya Erlang, hutoa tahadhari. Katika hesabu rahisi ya foleni moja, laini inayotumika kwa nusu ya uwezo wake huchelewesha vifurushi mara mbili ya muda wa kuvishughulikia. Ikitumika kwa asilimia 90, ucheleweshaji huwa mara 10. Ikifika asilimia 99, huwa mara 100. Kwa hivyo laini inayoonekana kuwa na nafasi kidogo iliyobaki, kwa kweli huwa tayari imelemewa.

Njia ambazo vifurushi vitafuata nazo huhesabiwa kwa mbinu iliyobuniwa na Edsger Dijkstra wa Uholanzi mnamo 1956 na kuchapishwa mnamo 1959. Awali aliionyesha kwa kutafuta njia fupi kati ya miji ya nchi yake. Hadi leo, vifaa vingi vya kuelekezea data huitumia kila kiunganishi kinapokatika ili kutafuta njia mbadala.

Programu za uigaji kama vile ns-3, ambayo hutolewa bila malipo na hutumiwa sana vyuoni, humruhusu mwanafunzi kukata nyaya, kuongeza watumiaji na kuzima milingoti bila kumkatia mtu yeyote simu.

NI NANI ANAYEIAMBIA TARAKILISHI LENGO?

Pamoja na uwezo wake wote, tarakilishi hutafuta kile tu ilichoagizwa kutafuta. Hapa ndipo usanifu huacha kuwa suala la wahandisi peke yao.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ina pesa za mlingoti mmoja. Kilima cha kwanza kitafikisha mawimbi kwa watu 9,000 wa mji ambao tayari una huduma hafifu. Cha pili kitawafikia wafugaji 1,200 ambao hawana mawimbi yoyote, na zahanati yao ambayo humtuma mwendesha bodaboda kila inapohitaji ambulensi.

Programu ikiambiwa iongeze mapato au idadi ya watu, itachagua kilima cha kwanza bila kusita. Ikiambiwa ipunguze idadi ya wasio na huduma kabisa, itachagua cha pili. Ramani ni zile zile, na hesabu haina kosa kwa vyovyote. Kilichobadilika ni lengo.

Sheria ya Kenya ilijaribu kuliziba pengo hilo kupitia mageuzi ya 2009 yaliyoanzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, inayochangiwa na kampuni zenye leseni za mawasiliano na kusimamiwa na CA. Hazina hiyo hugharamia huduma pale ambapo faida pekee isingemvuta mwekezaji. Kwa lugha ya usanifu, ni njia ya kuongeza uzito wa kijiji katika mizani ya programu.

Hatari nyingine ni takwimu mbovu. Programu ikilishwa idadi ya watu iliyopitwa na wakati, au mahali pa shule palipokosewa kwenye ramani, itatoa jibu lenye rangi za kuvutia lakini la uongo. Vipimo vya SRTM vyenyewe vilichukuliwa mnamo 2000: havijui ghorofa zilizoota baadaye, wala msitu uliofyekwa au kupandwa tangu wakati huo.

Rangi ya kijani kwenye ramani ya mawimbi humaanisha tu kwamba hesabu inatarajia huduma kupatikana huko, pengine kwa simu iliyoinuliwa nje ya nyumba. Haimaanishi kwamba mama aliye ndani ya nyumba ya mabati, bondeni, ataweza kupiga simu usiku wa manane.

Ndiyo maana kazi haikamiliki skrini inapozimwa. Mhandisi hufika uwanjani kuhakikisha kilima kinafikika kwa gari, kwamba kuna umeme au jua la kutosha, na kwamba mwenye ardhi ameridhia. Mlingoti huhitaji idhini ya mamlaka za mazingira na za safari za ndege. Baada ya kujengwa, hupimwa tena na matokeo kulinganishwa na yale yaliyotabiriwa.

Kwa viongozi wa kaunti, mashirika na wakazi wanaoletewa mipango ya mitandao, mambo machache yanafaa kuulizwa kabla ya kutia saini. Je, kanuni iliyotumika ilisahihishwa kwa vipimo vya eneo hilo? Akiba ya desibeli ni kiasi gani, na ilizingatia mvua? Njia ya pili inapitia mtaro gani? Na programu iliambiwa itafute nini: mapato, idadi ya watu, au wale ambao hawajawahi kufikiwa?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji shahada ya uhandisi kueleweka. Yakikosekana, ramani iliyochorwa kwa tarakilishi huwa picha ya matumaini tu, na gharama ya makosa yake hulipwa na yule ambaye angali analazimika kupanda kilima ili apige simu.